Sanduku Lililopona

Zephania Wambura alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kibovu akakiacha. Ukimkaribisha kwako, kabla chai haijachemka ameshakaza bawaba za mlango. Ukimwazima mwavuli, unarudi na ubavu mpya. Pale Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, alikopanga chumba, mwisho kabisa wa njia ya treni, mama mwenye nyumba alikuwa akisikia kengele ya mlango inalia vingine anajua mpangaji wake leo hakwenda kazini na amekosa la kufanya.

Ugonjwa huo hakuupatia Stockholm. Alikuja nao kutoka Musoma, ambako tangu akiwa na miaka kumi na sita alifanya kazi kwa Fundi Anselmo, mtengenezaji wa redio mwenye kibanda karibu na soko. Wateja wa Fundi Anselmo walitoka mbali. Wengine walikuja kutoka visiwani, wengine walitembea tangu alfajiri na redio imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi wiki ijayo. Kwa hiyo sheria ya kibanda ilikuwa moja, na Fundi Anselmo aliirudia kila asubuhi huku akipuliza vumbi mezani: "Redio ikiingia hapa na kikohozi, usitibu kikohozi ukaacha homa. Itoke nzima." Mwenye mali akisema swichi ndiyo mbovu, unatengeneza swichi, kisha unafungua, unatafuta ubovu mwingine, na mwingine, mpaka umekosa.

Kulikuwa na sheria ya pili, ndogo zaidi. Hakikutupwa kitu. Risasi ya zamani iliyobanduliwa kwenye viungo vya nyaya iliwekwa kwenye kopo la maziwa, na kila Jumamosi jioni kopo likawekwa juu ya jiko, risasi ikayeyushwa, ikavutwa vijiti vyembamba vya kulehemia wiki nzima. Zephania alikuja Ulaya na kopo lake ndani ya begi. Afisa wa forodha alilitikisa, akachungulia, akamtazama, akalirudisha.

Pamoja na kopo alikuja na redio. Siku ya kuondoka, mwaka 1966, baada ya serikali kumpatia nafasi ya masomo ya ufundi, Fundi Anselmo alimkabidhi redio ndogo ya mbao aliyoiunda kwa mikono yake. "Ikukumbushe kazi," alisema. Ilikuwa na sauti nzuri sana kwa robo saa. Halafu sauti ilianza kuzama taratibu mpaka uipige kofi ubavu wa kushoto, ndipo inaamka. Zephania aliligundua hilo wiki ya kwanza, akacheka peke yake chumbani hadi machozi. Mzee wa "itoke nzima" alikuwa amempa redio nusu mgonjwa! Akaapa kuitibu Jumapili ya kwanza atakayopata nafasi. Nafasi haikupatikana. Ikaja shule, ikaja kazi, redio ikaendelea kula makofi.

Kazi yenyewe aliipata baada ya miaka miwili ya shule, kwenye duka la kutengeneza redio huko Södermalm, la mzee mmoja aitwaye Hjalmar. Huyu alikuwa mfupi, suruali ameipandisha karibu na kifua, na adabu zake zilikuwa za zamani. Miaka ile ndiyo kwanza Waswidi walikuwa wanaacha kuitana kwa vyeo. Vijana walikwishaanza kumwita kila mtu "wewe", hata daktari, hata askofu. Hjalmar hakutaka kusikia. Alimwita kijana wake Ingenjör Wambura, yaani Mhandisi Wambura, na alizungumza naye kana kwamba anamzungumzia mtu aliye chumba cha pili: "Je, Ingenjör Wambura angependa kahawa?" Mwezi wa kwanza Zephania aligeuka nyuma mara kadhaa kumtafuta huyo mhandisi. Mwezi wa pili akazoea. Kwao nako mkubwa haitwi ovyo, na heshima hii ya Hjalmar ilimkaa vizuri mwilini.

Wateja mwanzoni walikuwa akina bibi wenye redio za sebuleni. Kisha, kama mwaka 1969, wakaanza kuingia vijana wenye nywele ndefu, na mambo yakabadilika. Hawa walikuwa wanapiga muziki wa magitaa ya umeme, lakini gitaa peke yake halikuwatosha. Walitaka sauti ambayo haijawahi kusikika. Walichukua mkanda wa tepu, wakaukata, wakauunga mwanzo na mwisho, wakauzungusha kwenye miguu ya viti ili neno moja lirudi na kurudi. Walifumua mitambo ya zamani ya jeshi wakapitisha sauti ya kinanda ndani yake. Mmoja alileta spika aliyoitoboa makusudi kwa penseli, akaomba itobolewe zaidi kidogo, upande wa juu.

"Hawa ni wazima?" Zephania alimuuliza Hjalmar.

"Ingenjör Wambura asiniulize mimi. Mimi nilikulia kwenye kodiani."

Lakini moyoni Zephania aliwapenda. Ungewaona walivyoinama juu ya amplifaya pamoja naye, nywele karibu ziungue kwenye chuma cha kulehemu, wakiuliza hili ni la nini na hili likizidishwa itakuwaje. Bibi wa redio ya sebuleni hakuuliza hivyo hata siku moja.

Sasa tufike kwa Solveig.

Solveig aliingia dukani Jumatatu moja ya Juni 1970, msichana mrefu aliyevaa viatu vya mvua siku ya jua kali. Alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya watu wanne iliyojiita Sovande Fyren, kwa Kiswahili chetu Mnara wa Taa Uliolala, na mtu asiniulize kwa nini, kwa sababu hata wenyewe hawakujua. Mkononi alibeba mtambo wa kukipa kinanda sauti, uliojengwa ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubeba samaki wa chumvi. Harufu ilikuwa bado imo. Usoni mwa sanduku kulikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha redio, kingine cha jiko la umeme.

"Plagi imevunjika," alisema. "Nibadilishie plagi tu. Jumamosi mchana tunapiga kwenye tamasha la wazi pale Gärdet. Plagi tu."

Angalia: alisema "tu" mara mbili. Zephania alisikia plagi, zile "tu" zikampita.

Plagi aliibadilisha kwa dakika tano. Hapo mtu mwingine angeweka sanduku rafuni akanywa kahawa yake. Zephania akachukua bisibisi akafungua. Ndani alikuta valvu za kioo, zile balbu za redio za wakati wa vita, na nyaya zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, kila moja imekunjwa kona yake, kazi ya mtu anayejua. Aliikubali kazi ile, hata akamwita Hjalmar aje aone. Kadiri alivyosogea upande wa kulia, ustadi ulipungua. Viungo vilianza kupinda. Na kile cha mwisho kabisa, karibu na kifundo cha jiko, hakikuwa kiungo bali donge: risasi nzito, nyeusi, imekaa upande kama tonge lililomshinda mtoto, waya umeshikwa kwa bahati.

Roho ya Zephania ilisikia uchungu wa kweli. Alibandua viungo kumi na kimoja, akavilehemu upya vyote. Lile donge lilitoka zima, likaanguka ndani ya kopo kwa kishindo kidogo. Mahali pake akaweka kiungo chembamba, king'avu, ambacho Fundi Anselmo angekitazama na kunyamaza, na kunyamaza kwa Fundi Anselmo ndiko kulikuwa kusifu kwake. Alipowasha, sanduku lilitoa sauti moja safi, imenyooka, haitikisiki. Alifunga huku akipiga mluzi. Solveig alipokuja Jumanne hakumwambia alichofanya, maana kwao Musoma zawadi ya namna hiyo mwenye redio anaigundua mwenyewe akifika nyumbani.

Mwenye sanduku aliigundua. Jumatano asubuhi, duka halijafunguliwa vizuri, Solveig alikuwa mlangoni, macho mekundu, sanduku kifuani.

"Umemfanya nini Gubben?"

Gubben maana yake Mzee. Zephania alidhani anamsema Hjalmar, akageuka kumtafuta.

"Sanduku!" Solveig akaliweka mezani. "Tunaliita Gubben. Lilikuwa na kwikwi. Sauti ilikuwa ikienda, ikienda, halafu inajikwaa, inakatika, inavuta pumzi, inarudi. Nyimbo zetu zote tumezijenga juu ya kwikwi ile. Jana usiku tumewasha, linapiga filimbi tu kama birika!"

"Lilikuwa bovu," Zephania alisema kwa upole. "Sasa limepona."

Hapo Solveig alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia wazi, bila kuficha uso. Hjalmar alitoka chumba cha nyuma, akaona, akarudi, akatoka tena na kikombe cha kahawa, akakiweka karibu naye. Maneno yakaja kidogo kidogo. Sanduku lilitengenezwa na baba yake, aliyekuwa mtuma simu za upepo, zile za redio, melini kwa miaka thelathini. Alilitengeneza majira ya baridi yaliyopita, akiwa mgonjwa kitandani, kwa sababu binti yake alimwambia anataka kinanda chake kilie kama bahari. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kadiri wiki zilivyokwenda ilizidi kutetemeka, na kiungo cha mwisho alikihangaikia mchana kutwa, akatukana, akacheka, akamaliza. Walipowasha, likatoa ile kwikwi. Baba akasema atalirekebisha kesho. Kabla ya Pasaka akafariki.

"Ilikuwa ni yeye," Solveig alisema. "Kila tukipiga, nilikuwa namsikia anahangaika na kile kiungo."

Zephania aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Katika maisha yake alikwishatengeneza mamia ya redio, na hakuwahi kuharibu hata moja. Sasa alikuwa ameharibu hii, tena kwa ustadi.

Solveig alipokwenda kupata hewa nje, Hjalmar alikuna kidevu. "Miaka arobaini ya duka, sijamwona mteja anayekuja kudai ubovu wake. Ingenjör Wambura hana kosa. Kazi ni nzuri sana."

"Ndiyo kosa lenyewe," Zephania alijibu. Akatoka nje akamwambia Solveig, "Kabla ya Jumamosi nitamrudisha Gubben." Akasema hivyo bila kujua atamrudisha vipi.

Alianza siku ileile. Kuharibu ni kazi rahisi, alijiambia, wajinga wanaiweza kila siku. Alikibandua kiungo chake king'avu, akalehemu kibaya. Sanduku likakoroma. Akalehemu kibaya zaidi. Likanyamaza kabisa. Akaweka risasi kidogo, akaweka nyingi, akalehemu kwa chuma kilichopoa, akafumba macho, akalehemu kwa mkono wa kushoto, akautikisa mkono wa kulia kama anayesikia baridi. Likatoa mlio wa nyuki, wa kikaango, wa baiskeli yenye mnyororo mkavu. Kwikwi haikuja. Na mara nyingine, alipokuwa anawaza mambo mengine, vidole vilijisahau vikakilehemu kiungo kizuri vyenyewe, na filimbi ya birika ikarudi. Alikasirika akakitupa chuma mezani. Hjalmar, ambaye hakuwahi kumwona amekasirika, alitoka kwenda kununua sigara ingawa hakuvuta.

Alhamisi mchana akaja Winifrida.

Winifrida alikuwa binti wa Bukoba aliyekuja kusomea uuguzi, na alifanya mazoezi kwenye wodi ya wazee. Walifahamiana kwenye mkusanyiko wa Watanzania wa Jumapili. Alhamisi alikuwa na mapumziko, na kwa miezi mitatu sasa alipita dukani na chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, ugali wa ngano aliousonga kwa unga ambao Waswidi huwapikia watoto uji, na samaki. Waliitana kaka na dada kwa heshima kubwa, kila mmoja akiomba moyoni mwenzake aache.

"Kaka Zephania, mbona umekonda tangu wiki iliyopita?"

"Dada Winifrida, nimeua mzee."

Alimweleza yote. Winifrida alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa palikuwa na mahali pa kucheka, kisha akasema, "Hebu nionyeshe unavyofanya."

Zephania akashika chuma, akautetemesha mkono, akalehemu. Winifrida akatikisa kichwa.

"Unaigiza, kaka. Mimi wazee wangu nawaona kila siku wanashika kijiko. Hakuna hata mmoja anayetaka kutetemeka. Wewe unajaribu kutetemeka. Wao wanajaribu kutulia. Wanajaribu kwa nguvu zao zote, mpaka shingo inakaza, na mkono unakataa. Hiyo huwezi kuigiza, kwa sababu mkono wako ukiuambia tulia, unatulia."

Zephania aliweka chuma chini, ugali unapoa. Ilikuwa kweli tupu. Yeye alikuwa akitafuta ubovu, na yule baba hakuwa ameweka ubovu mle ndani. Alikuwa ameweka kiungo kizuri kadiri alivyoweza.

"Basi mimi siwezi," alisema mwishowe.

"Wewe huwezi," Winifrida alikubali. "Kula."

Alikula. Na katikati ya kula akakumbuka kopo. Alilivuta kutoka chini ya meza, akalimwaga juu ya gazeti, akachakura kwa kidole vipande vya wiki nzima. Kama ingekuwa Jumamosi jioni lile donge lingekuwa limeshayeyuka pamoja na mengine, limekuwa vijiti, limekwenda kwenye redio za akina bibi. Lakini ilikuwa Alhamisi. Donge lilikuwa pale, zito, jeusi, na kipande cha waya kimenata ubavuni. Alilishika kwenye kiganja akamwonyesha Winifrida.

"Risasi ya mzee hii hapa."

Ijumaa Solveig aliitwa. Alikuja na wenzake watatu wa bendi, wakajipanga ukutani kama watu waliofika hospitali. Hjalmar alitoa viti. Zephania alikuwa ameliweka sanduku wazi mezani, kile kiungo cha mwisho kimebanduliwa, waya unangoja. Mbele yake aliweka donge juu ya kipande cha bati, na kando chuma chake cha kulehemu, kimepata moto.

Kuna jambo la kueleza hapa. Kwa Fundi Anselmo mtu hakugusa chuma cha fundi mwingine. Mwaka mzima wa kwanza Zephania alifagia, alibeba, alipuliza vumbi, na alipojaribu siku moja kukisogeza tu chuma cha mzee kisianguke, alipigwa kofi la kisogo analolikumbuka mpaka leo. Tangu hapo chuma chake hakikuwahi kushikwa na mtu, hata Hjalmar aliyekinunua.

Alikishika upande wa moto kwa kitambaa, akamgeuzia Solveig mpini.

"Sijawahi kushika kitu hiki," Solveig alisema.

"Ndiyo maana."

"Nitaharibu."

"Usiharibu," Zephania alisema. "Nakuomba ulehemu vizuri. Vizuri kabisa, kadiri ya uwezo wako. Hii ndiyo risasi aliyoitumia baba yako. Iyeyushe hapa, ipeleke pale, itulize mpaka ipoe."

Solveig alipoitazama ile risasi, akaelewa ni nini, mikono ilianza kutetemeka. Akavuta pumzi, akabana viwiko mbavuni, akauma mdomo. Donge lililainika, likang'aa kwa nukta moja, likawa maji. Alilibeba kwa ncha ya chuma, polepole, akitulia kwa nguvu zake zote, na mkono ukikataa kabisa. Tone likafika, likayumba, likakaa upande. Vidole vya Zephania vilimwasha, navyo vilitaka kuruka kwenda kunyoosha kile kiungo, ikabidi avikalie.

Likapoa. Lilikuwa donge baya sana. Zephania alikiri baadaye kwamba hajawahi kuona kitu kinachomuudhi na kumpendeza kwa pamoja namna ile.

Wakawasha. Valvu zilichukua muda wake kupata moto. Mmoja wa bendi alibonyeza kinanda kidogo walichokuja nacho. Sauti ikatoka, nzito, ya mbali, ikaenda, ikaenda, wakaanza kutazamana, na hapo ikajikwaa. Ikakatika. Ikavuta pumzi, ikarudi.

Solveig aliinamisha kichwa karibu na spika, akasikiliza kwa makini. Ikaja tena. Ilikuwa fupi kuliko ya zamani, na mwishoni ilipanda kidogo juu.

"Siyo yeye," alisema.

Zephania alinyoosha mkono kulizima sanduku.

"Siyo yeye mwenyewe," Solveig alirudia, sasa anacheka na machozi yanashuka. "Lakini anafanana naye."

Jumamosi mchana jua lilikuwa juu ya Gärdet na majani yamejaa watu, wengine pekupeku, wengine na watoto mabegani. Hjalmar alikuja amevaa tai. Sovande Fyren walipanda, wakapiga wimbo mrefu ambao Zephania hakuelewa uanzie wapi wala uishie wapi, na katikati yake Solveig akazungusha kifundo cha jiko. Gubben akaimba. Alipojikwaa ile mara ya kwanza, watu elfu kadhaa walinyamaza pamoja naye wakingoja, na alipovuta pumzi akarudi, walipiga kelele uwanja mzima. Zephania alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa na bisibisi mfukoni. Winifrida alikuwa kando yake.

"Zephania," alisema, safari hii bila kaka.

Walioana mwaka uliofuata. Duka nalo lilipata jina. Vijana wa muziki walileta visanduku vyao kutoka pande zote za mji, kwa sababu ilijulikana kwamba kuna fundi Södermalm ambaye kabla ya kuuliza kibovu ni kipi anauliza kwanza kipi kisiguswe. Hjalmar alilichapisha swali hilo kwenye kadi za wateja. Bibi mmoja aliijaza kadi yake kwamba redio isiguswe mahali inaponukia tumbaku, basi ikarudi ikinukia tumbaku. Sovande Fyren walivunjika mwaka 1973, kama bendi zinavyovunjika, na Solveig akawa mwalimu wa muziki huko kaskazini. Sanduku alikwenda nalo.

Mwaka 1974 ilikuja barua kutoka Musoma, imechukua wiki tano njiani. Fundi Anselmo amefariki. Zephania alikuwa jikoni peke yake. Alisoma mara mbili, akaiweka chini, akaivuta ile redio ndogo ya mbao kutoka juu ya kabati, akachukua bisibisi akafungua mgongo wake kwa mara ya kwanza tangu apewe. Haikumchukua hata dakika kukiona. Upande wa kushoto, kiungo kimoja kimelegea, cha risasi ya kopo, imefifia kwa kuyeyushwa na kuyeyushwa tena Jumamosi baada ya Jumamosi. Kilikuwa kiungo cha sekunde kumi. Chuma alichokuwa akifanyia kazi kabla ya barua kilikuwa mezani, kimepata moto tayari. Alikitazama kiungo kile mpaka Winifrida akaingia na kumkuta, kisha Zephania, bila kukigusa, akafunga mgongo wa redio na kukaza parafujo zote nne.

Baadaye walihamia Husby, ghorofa ya tatu, na walikuwa na binti, Norah, aliyejibiwa kwa Kiswahili kila alipouliza kwa Kiswidi, na hakujali. Jumapili moja ya mwaka 1978 Hjalmar alikuja kunywa kahawa. Alikuwa amestaafu, suruali imepanda zaidi, adabu zilezile. Redio ilikuwa inaimba juu ya kabati. Robo saa ikatimia, sauti ikaanza kuzama.

Hjalmar alitega sikio. "Ingenjör Wambura ametengeneza redio za nusu ya mji huu. Je, hawezi kutengeneza ya kwake?"

Zephania alimmiminia kahawa nyingine. Norah, aliyekuwa anachora mezani, hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono, akaipiga redio kofi ubavu wa kushoto, akaendelea kuchora.